Kizuri Chajiuza: Kisa cha Merikani, Kanga na Mtumba

Wahenga wetu hawakuafikiana juu ya sura. Mmoja alisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwingine akajibu kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili na Historia katika shule za sekondari, niliwapa wanafunzi methali hizi mbili siku moja, nikawataka waamue ipi yasema kweli. Kila mwaka darasa liligawanyika, na kila mwaka niliona kwamba mawakili wakali wa mkakasi ndio waliokuwa wamepiga pasi mashati yao vizuri kuliko wengine.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu nasikia mara nyingi, hasa kutoka kwa wastaafu wenzangu, kwamba vijana wa leo wameharibika: wananunua kwa macho, wanakopa ili wapendeze, wanaweka sura mbele ya tumbo. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, lakini neno "leo" lililomo ndani yake halina msingi. Mswahili amenunua kwa macho kwa karne nyingi, na si kwa upumbavu. Sitazungumzia bidhaa zote, maana habari ni pana. Nitashika nguo peke yake, kwa kuwa nguo ndiyo iliyotuachia maneno, na penye maneno ndipo wasomaji wa ukurasa huu wanapopenda kukaa.

Tuanze mbali kidogo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa mjini hapo na kupelekwa hadi Misri. Naye mgeni alivishwa: aliletewa mavazi kabla ya kwenda kumwona sultani msikitini. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, waandishi wake waliona mfalme amekaa chini ya mwavuli wa hariri nyekundu, naye amevaa joho lenye mapambo ya kijani. Pwani hii ilijua tangu zamani kwamba mtu husomwa kabla hajasema. Ndani ya majumba ya mawe ya Lamu na Pate palikuwa na zidaka, safu kwa safu, za kuwekea vyombo vya kauri kutoka Uchina, na wengi wa waliovinunua hawakuvilia chakula. Mshairi wa Al-Inkishafi alipotaka kuonyesha kuanguka kwa Pate, miongoni mwa alivyovitaja ni hivyo vidaka na taa za majumba hayo. Alijua msomaji wake ataumia wapi.

Lakini nguo za kununuliwa na umati, si na wafalme na matajiri tu, ni habari ya karne ya 19. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts alitiliana saini mkataba wa biashara na Seyyid Said bin Sultan, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem katika Massachusetts, akafika Unguja kuwa konseli. Merikebu za Salem zilichukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Zilileta nguo ya pamba, nzito, isiyopaushwa, isiyo na nakshi yoyote. Watu wakaiita kwa jina la watu walioileta: merikani.

Viwanda vya Uingereza vilijaribu kuiga nguo hiyo, na kwa miaka mingi havikufua dafu. Mnunuzi wa bara aliishika kwa vidole, akaitazama, akaikataa. Palihitajika vita ili merikani ipoteze kiti chake. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1861 hadi 1865, pamba yao ilikatika, na nguo za Uingereza na baadaye za viwanda vya Bombay zikapata mlango. Mwishoni mwa karne hiyo nguo nyingi iliyouzwa kwa jina la merikani ilikuwa imefumwa India. Nchi iliondoka, jina likabaki. Leo tungeliita jambo hilo nguvu ya chapa, na wataalamu wa masoko wangeliandalia semina hotelini.

Pamoja na merikani palikuwa na kaniki, nguo ya buluu nzito kama usiku, kutoka India. Vipimo vyake tunavyo hadi sasa: shuka mikono minne, doti mikono minane, na jora zima lenye doti kadhaa. Jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka ni kwamba nguo hizi hazikuwa bidhaa tu. Zilikuwa fedha. Mpagazi alilipwa kwa doti, mtemi wa Ugogo alidai hongo kwa doti, na maji na nafaka ya njiani vilinunuliwa kwa mikono ya nguo na nyuzi za ushanga. Sasa fikiria fedha inayoweza kupitwa na mtindo. Noti yako ni halali Tabora, lakini ukifika Ujiji watu wanaicheka.

Ndivyo ilivyokuwa. Henry Stanley, alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, aliumiza kichwa kuliko yote katika ununuzi wa shanga: wapi watu wanataka nyekundu, wapi nyeupe, wapi nyeusi, na kiasi gani cha kila moja. Alikiri kwamba wanawake wa Afrika wanachagua shanga kwa ukali uleule ambao wanawake wa New York huchagulia vito. Joseph Thomson, akielekea Umasaini mwaka 1883, alilazimika kukaa Taveta huku watu wake wakitunga upya maelfu ya nyuzi za ushanga, kwa sababu Wamasai hawakukubali ushanga usiotungwa kwa urefu waliouzoea wao. Wakubwa hawa wa safari, wenye bunduki na barua za sultani, walikuwa watumwa wa jicho la mnunuzi.

Katika orodha ya shanga aliyoiandika Richard Burton, aliyesafiri kwenda maziwa makuu kuanzia 1857, kuna jambo ambalo limenichekesha kwa miaka thelathini. Ushanga mwekundu mdogo, ulioitwa samsam au sami-sami, ulikuwa na majina ya utani. Moja, kwa tafsiri yake, ni "kimaliza-chakula", kwa kuwa mtu angetoa chakula chake cha jioni ili aupate. Jingine ni "kivunja-mji", kwa kuwa wanawake wangejifilisi, na waume zao pia, kwa ajili yake. Burton aliyaandika hayo kama ushahidi wa upuuzi wa Mwafrika. Mimi nayasoma kinyume. Walioubatiza ushanga kivunja-mji walikuwa wanaununua, wanajua bei yake ndani ya nyumba zao, na wanajicheka. Sioni upuuzi kwa watu waliotunga hekima kubwa namna hiyo kwa neno moja. Tutaikuta sauti hiyo tena pembeni mwa kanga.

Hapo sasa tumefika mahali pazito, na nataka nipunguze mwendo.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo kiini cha Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, anaeleza kwamba zamani mtumwa hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana, wala kanzu ndefu ya kufunika miguu. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini kila jicho liliijua. Mtumwa wa kike alijifunga kipande cha merikani au kaniki, begani wazi, kichwa wazi. Kujisitiri kulikuwa haki ya mwungwana. Utumwa, kabla ya mambo mengine yote, ulikuwa vazi.

Amri ya kuufuta utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897. Pwani ya Kenya ikafuata mwaka 1907, na Tanganyika, baada ya Waingereza kuichukua kutoka kwa Wajerumani, mwaka 1922. Lakini karatasi ya mahakama haivaliwi. Mtu aliyetoka kwa kadhi au kwa mkuu wa wilaya na uhuru wake mfukoni, akiwa bado amejifunga kaniki ileile, njiani alisomwa vilevile. Kwa hiyo watu hao walichukua ujira wao wa kwanza, ujira wa kuchuma karafuu, wa kubeba mizigo bandarini, wa kuuza maandazi, wakaenda dukani. Wanaume walinunua kanzu, kofia na mwavuli. Wanawake walinunua kanga.

Maofisa wa kikoloni walilalamika sana juu ya matumizi hayo. Waliona watu maskini wanaopoteza pesa kwa anasa badala ya kuweka akiba. Kusema kweli hata wanahistoria wetu wa awali waliipita habari hii kwa aibu kidogo, kana kwamba ukombozi unafaa kupimwa kwa mashamba na vyama tu. Naona walikosea. Mwanamke aliyenunua doti ya kanga, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda, alikuwa ananunua kichwa kilichofunikwa. Alikuwa ananunua kuitwa bibi au mama, asiitwe mjakazi wa fulani. Ukiniambia kwamba hiyo ni sura tu, nitakuuliza: ni kitu gani kingine kilichokuwa kimebaki kumtofautisha na jana yake?

Kanga yenyewe ilizaliwa katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Jina la leso, ambalo wenzetu wa Mombasa wameling'ang'ania, ni la Kireno. Inasimuliwa kwamba wanawake walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga sita, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo pana isiyofanana na ya jirani. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima. Za mwanzo zilikuwa na madoadoa, watu wakamkumbuka ndege kanga. Tazama jinsi biashara ilivyokwenda: mitambo ilikuwa Uholanzi na Uingereza, lakini aliyebuni alikuwa mwanamke wa uswahilini mwenye sindano.

Tangu hapo mambo yakawa mbio. Mtindo mpya ulipoingia, wa zamani ulikufa dukani. Mwenye duka aliagiza shehena kwa barua, akasubiri merikebu miezi mingi, na mzigo ulipofika huenda macho ya mji yalikwishahama. Mzigo wa namna hiyo ulishushwa bei ukapelekwa bara, kwa matumaini kwamba habari ya mtindo husafiri polepole kuliko nguo. Haikusafiri polepole hivyo.

Kisha likaja jina. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hati za Kirumi. Wengi humtaja Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, mwenye duka la Mombasa lililoanza mwaka 1887, kuwa ndiye aliyeeneza desturi ya kuandika maneno kwenye leso. Alama yake, "Mali ya Abdulla", inajulikana hadi leo. Sijui bidhaa nyingine duniani ambayo muuzaji aliongeza fasihi ili iuzike.

Na fasihi yenyewe ina kanuni. Chukua "Hasidi hana sababu". Hesabu: mizani nane kamili, kipande kimoja cha shairi letu la kawaida, tayari kutiwa katika ubeti. Chukua "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu". Nane, kisha sita. Waliotunga majina haya hawakuhesabu kwa vidole. Masikio yalikuwa yamekwisha kufundishwa na nyimbo. Mnunuzi naye alikuwa na masikio hayohayo. Rangi ilimvuta karibu, pindo likamsimamisha, lakini jina ndilo lililomfungua pochi, kwa kuwa alikuwa ananunua jambo la kumwambia mtu ambaye hawezi kumwambia kwa kinywa: mke mwenza, jirani, mume anayechelewa kurudi. Kijembe kilichofumbwa kwenye nguo hakina shahidi. Ukiulizwa, ulinunua rangi.

Gharama yake haikuwa ndogo, wala sitaki kuipamba. Vyama vya lelemama vya mwambao vilishindana kwa sare, na kila ngoma kubwa ilidai doti mpya, maana nani atarudi uwanjani na nguo aliyoonekana nayo mwezi uliopita mbele ya mahasimu? Harusi zilifuata njia hiyohiyo, na zinaifuata hadi leo: sare ya upande wa bibi harusi, sare ya kesha, sare ya siku ya kutoka ndani, na kisutu cha shughuli yenyewe, chenye rangi zake nyekundu, nyeusi na nyeupe ambazo mtindo umeshindwa kuziua. Nimewajua walimu wenzangu walioweka rehani redio kwa ajili ya sare ya binamu. Ushanga wa kivunja-mji haukuondoka. Ulibadili umbo tu.

Serikali nazo hazikuwa na jicho tofauti. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na utekelezaji ukaanza Dar es Salaam Januari 1, 1969. Waliosema mavazi ni mambo ya juujuu waliyapa uzito wa mambo ya taifa. Huwezi kumkamata mtu kwa ajili ya kitu kisicho na maana.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi yetu iliishiwa fedha za kigeni, na madukani pakawa patupu. Nilikuwa katika chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tulikuwa na Urafiki, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa Wachina mwaka 1968, lakini kanga zake zilipotea kabla ya kufika mitaani, na doti moja ilikuwa habari ya kutangaziwa ukoo mzima. Wakufunzi walitukumbusha kila Jumatatu kwamba mwalimu ni kioo cha jamii. Kioo hicho kilikuwa na suruali moja. Tulizifua jioni, tukazilalia chini ya godoro ili zipate mistari, na asubuhi tukasimama mbele ya madarasa ya mazoezi kama watu wenye makabati. Mshahara wangu wa kwanza ulikwenda wote kwa fundi, kwa suti ya Kaunda ya rangi ya udongo. Mjomba wangu aliuliza kwa nini sikununua mbuzi. Nilimjibu, kwa heshima zote, kwamba mbuzi hataingia darasani pamoja nami.

Kuanzia katikati ya miaka hiyo, na hasa baada ya Rais Ali Hassan Mwinyi kuingia madarakani mwaka 1985, milango ya biashara ilifunguliwa na mitumba ikamiminika. Neno hili ni la kale kuliko nguo zenyewe. Katika misafara ya karne ya 19 mtumba ulikuwa robota la nguo, mzigo wa mpagazi, uliofungwa ukakazwa kwa ajili ya safari ya bara. Merikani na kaniki zilisafiri zikiwa mitumba. Leo robota linatoka Ulaya na Marekani likiwa na nguo zilizovaliwa na wengine, nalo limerithi jina la mzigo wa nguo mpya.

Mwanzoni nguo hizo ziliitwa "kafa Ulaya", watu wakidhani, au wakijifanya kudhani, kwamba zilivuliwa maiti. Aliyezinunua alizinunua jioni. Haikuchukua miaka mingi fedheha ikageuka fahari. Mteja wa Karume au wa Gikomba akaanza kutafuta shati la mtumba kwa sababu hakuna mwingine mtaani atakayekuwa nalo, ilhali jipya la dukani limejaa kwa kila mtu. Wauzaji wa Nairobi wakaziita zile bora za kuchaguliwa kwanza "kamera", na mabaki "fagia". Vijana wetu nao wakasema fulani "amepiga pamba", nami hufurahi kila nikilisikia neno hilo, kwa maana bila kujua wameirudisha merikani kinywani. Tamaa yao ni ileile ya yule mwanamke aliyeunga leso sita: nionekane, na nisifanane.

Ninachokihofia si macho ya vijana, ni masikio ya wachapaji. Kanga nyingi sasa zinachapwa mbali, na anayepanga herufi hajui Kiswahili. Majina yanajirudia miaka nenda miaka rudi, na mengine yamekosewa. Miezi michache iliyopita, katika Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, nilisimama karibu na mama mmoja wa makamo aliyekuwa ameshika doti nzuri sana, mji wa rangi ya zambarau, pindo la korosho. Aliifungua, akaisoma kwa sauti ya chini: "Riziki haivutwi kwa kaba." Herufi moja ilikuwa imeanguka.

"Mwanangu," akamwambia muuza, "hii nikimpelekea mkwe wangu atadhani namkaba."

Kijana akacheka. "Mama, nani anasoma siku hizi? Tazama rangi. Nakupunguzia elfu mbili."

"Hata bure," akasema, akaikunja vizuri kama alivyoikuta. Akachagua nyingine, rangi ya matope, pindo la kawaida kabisa, akalipa bei kamili. Nilichungulia begani mwake nisome jina, lakini alikwisha kulitia mfukoni.